Nunua Yako

Jumapili, 3 Machi

Mpwa wangu amemaliza kazi. Wiki nzima alikuwa juu ya ngazi, kichwa ndani ya dari, miguu tu ndiyo inaonekana — na bado anaongea. Leo kashuka, kajikung'uta vumbi, kamwita mkwe wangu aje aone. Taa, mapazia, geti, pampu ya bustani, kamera, kufuli za milango: vyote sasa viko kwenye mtandao mmoja na vinaitikia simu. Si kazi ndogo. Nyumba hii ni kubwa kiasi kwamba mtu akipiga chafya jikoni, mimi huku nyuma sijui.

Mkwe hakufurahi sana. Alisimama mbele ya kabati la mitambo, mikono nyuma, akisoma majina ya makampuni. Hiki cha hawa, kile cha wale, visahani vya dari vinavyorusha mawimbi, vya wengine kabisa. Akauliza kwa upole (yeye hukasirika kwa upole) kama isingekuwa bora vyote viwe vya chapa moja. Mpwa akacheka. Alisema vifaa ni kama wakwe: kila mmoja ana kwao na heshima zake, lakini wakielewana lugha watakula meza moja. Kila kimoja alikichagua kwa kile kinachokiweza.

Mkwe akanitupia jicho, mimi niliye mkwe na ninakula meza yake. Akatabasamu. Akayaacha.

Binti yangu ndiye aliyemwombea binamu yake kazi hii, kisha akasafiri kikazi akatuachia. Jumamosi ya tarehe kumi na sita atakuja rafiki wa mkwe, mwenye jengo jipya la vyumba vya wageni, aione nyumba hii ikifanya kazi. Akiridhika, mtandao wa jengo lote ni wa mpwa wangu. Naye kijana ameshaaga kule dukani alikoajiriwa. Nilimwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Akanijibu kwamba msala huu haupiti, Mjomba, huu amejitandikia mwenyewe.

Namwombea.

Jumatatu, 4 Machi

Chumba changu kiko mwisho kabisa, ng'ambo ya ua. Kuta nene. Mawimbi yanafika huku yamechoka kuliko mimi. Jana jioni tulikuwa na baraza yetu ya simu, sisi wa kule kwetu tuliotawanyika, kila mtu na kidirisha chake. Mzee mmoja alikuwa anataja aliyezikwa juma hili. Picha ikaganda, mdomo wazi. Sikulipata jina.

Ningemwambia mpwa. Lakini ndiyo kwanza alikuwa ameteremka ngazi, na mkwe yuko pale pale anatafuta kasoro. Tena mzee aliyehifadhiwa kwa watu haanzi kusema chumba changu hakina hiki, chumba changu hakina kile.

Basi nimefungua sanduku langu. Mle kuna kisanduku cha mtandao cha kwetu, cha lile ghorofa nililoishi na marehemu mke wangu kabla hajaondoka na kabla sijaletwa hapa. Jina la mtandao alilitunga yeye. Majirani walikuwa wanamvizia kwenye ngazi kumwomba neno la siri, akachoka, akauita NunuaYako. Jengo zima likanuna!

Lile tundu la buluu, la waya unaotoka nje, lilivunjika nilipohama. Yapo manne ya njano. Waya wa ukutani nimeuchomeka kwenye moja la njano. Taa za kijani. Tableti yangu ikakitambua yenyewe, haikuniuliza chochote. NunuaYako, pale juu, kama vile mwenyewe yuko jikoni.

Nimekaa nikiitazama. Picha sasa ni safi.

Nimekisukuma nyuma ya kabati la nguo. Hakimsumbui mtu.

Jumatano, 6 Machi

Nyumba imeshikwa na kichaa. Mapazia ya sebuleni yamegoma kufunguka. Pampu ikamwagilia saa mbili nzima mpaka maua yanaogelea. Mkwe alikaa ndani ya gari nje ya geti lake mwenyewe, anabonyeza simu, geti limemtumbulia macho. Akapanda ukuta na suti yake.

Mjukuu wangu, binti wa darasa la kwanza, alicheka mpaka akakaa chini. Hakucheka mwingine.

Mpwa kaitwa.

Alhamisi, 7 Machi

Alishinda hapa tangu asubuhi na laptopu yake magotini. Mchana, mezani, mkwe alimtaka aeleze kwa lugha ya binadamu. Akaeleza. Chukulia nyumba ya wageni, alisema. Kila kifaa kikifika kinapewa namba ya chumba na mpokezi, na mpokezi ni mmoja. Sasa hapa ni kama wapo wapokezi wawili, wote wanagawa funguo. Kuna wageni wawili wamepewa chumba kimoja. Kuna wengine wamepewa chumba kizuri tu, ila wameonyeshwa mlango usiokwenda popote.

Mkwe akauliza huyo mpokezi wa pili katokea wapi.

Mpwa akasema ndilo analolitafuta. Tatizo, vifaa ni vya makampuni matatu, kwa hiyo afungue madirisha matatu kwenye laptopu, na kila dirisha linaona kipande chake tu. Mkwe alikunja kitambaa chake cha mkono mara nne, akakiweka kando ya sahani.

Nami nimekaa. Kijiko kimekwama njiani. Mimi si mjinga. Maisha yangu yote nilikuwa msahihishaji katika nyumba ya kuchapa vitabu, nikiambiwa jambo mara moja nalishika. Nilijua mpokezi wa pili yuko wapi. Yuko nyuma ya kabati langu la nguo.

Ningesema pale pale. Maneno yalikuwa machache: ni mimi. Nikaomba chumvi.

Baadaye nimekuja huku nikakichomoa. Nikangoja. Saa kumi na moja geti bado linagoma, taa za korido bado zinawaka na kuzima. Basi si mimi! Moyo umeruka kama wa mtoto. Nikakirudisha. Na hapo tu, mkono ukiwa bado kwenye waya, nikaona nilichokifurahia: kwamba mpwa wangu bado ana shida.

Ijumaa, 8 Machi

Nimejidanganya. Mpwa ameeleza leo, bila kuulizwa, kwamba kifaa kilichopewa namba mbaya hubaki nayo kwa muda hata kama aliyeigawa kaondoka. Kama mtu aliyeelekezwa njia mbaya: mwelekezaji keshakwenda zake, yeye bado anatembea.

Halafu mezani. Mjukuu sasa anasoma kila kinachopita mbele yake, vibao, makopo, hata sabuni. Leo kashika simu ya baba yake, anasoma majina ya mitandao, silabi moja moja. Nyumbani. Nyumbani Wageni. Nu-nua-Ya-ko.

"Babu, Nunua Yako ni nani?"

Mkwe akacheka, cheko la kwanza wiki hii. Akasema hao ni majirani, watu wana kiburi siku hizi. Nikacheka naye. Kweli, nilicheka. Mpwa aliinamia sahani yake, anatenga mifupa. Nilidhani uchovu.

Baada ya chakula alikuja mlangoni kwangu. Hodi, Mjomba, niangalie soketi yako dakika moja tu. Nilikuwa kitini, nimevaa viatu. Nikajibu kwa sauti ya mgonjwa kwamba nimeshajilaza, kichwa kinanigonga. Akabisha tena. Sikuitika.

"Pole, Mjomba. Pumzika."

Nimevua viatu na kulala kweli, ili isiwe uongo mtupu. Mtu wa umri wangu!

Jumamosi, 9 Machi

Mkwe ameamua. Jumanne inakuja kampuni, itang'oa vyote na kuweka vya chapa moja, kuanzia kabatini hadi darini. Alimwambia mpwa sebuleni, mbele yangu, bila kupandisha sauti. Alisema hana ugomvi naye, ila nyumba si mahali pa majaribio, na mchanganyiko huu aliutilia shaka tangu mwanzo.

Mpwa aliomba siku moja. Mkwe akasema, kabla ya siku hiyo, je, vyumba vyote vimekaguliwa? Pengine mtu amechomeka kitu.

Mpwa ndiye aliyejibu, haraka, kwamba vyote keshavikagua. Mkwe akauliza: na cha Baba? Mpwa akasema kwa Mjomba kuna taa moja na redio, mzee asisumbuliwe. Mkwe akakubali upesi. Yeye mwenyewe tangu niletwe hapa hajawahi kuvuka kizingiti cha chumba changu. Huja na gazeti, husimama juu ya mkeka wa mlangoni, hubisha hata mlango ukiwa wazi, hunipa, huuliza hali, huondoka. Hata balbu ikiungua hutuma mtu mwingine. Ni heshima ya mkwe kwa baba mkwe, alilelewa hivyo nami nililelewa hivyo. Siku zote imenifariji. Leo nimejificha ndani yake kama panya.

Nilishukuru moyoni kwamba mpwa hakuwa mwangalifu, karuka chumba kimoja katika hesabu zake. Naam, ndivyo nilivyowaza. Naandika ili nijione.

Jumatatu, 11 Machi

Binti kapiga simu. Amelia kidogo. Anasema yeye ndiye aliyempigania binamu yake, sasa mumewe hasemi kitu lakini ukimya wake unaujaza mji mzima. Akaniuliza mimi naonaje. Nikamwambia mambo ya mitambo siyajui.

Kampuni itaingia kila chumba kesho kubadilisha soketi. Changu pia.

Jumanne, 12 Machi

Nimekichomoa alfajiri. Nimekifunga kwenye kitambaa cha kichwa cha marehemu, nikakiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya makoti. Mikono yangu ilifanya kazi hiyo kwa ustadi wa kutisha.

Wamekuja wanne, mashati ya rangi moja. Hawakuongea kama mpwa. Waliteremsha visahani vyake vya dari kimoja kimoja, wakaviweka sakafuni kama vyombo vya matanga. Saa nane kila kitu kinafanya kazi. Mapazia yanateleza. Geti linafunguka kabla hujalifikiria. Mkwe alizunguka nyumba nzima na simu mkononi, anawasha, anazima, hadi akamwasha mjukuu hasira.

Basi ushahidi umekamilika. Vifaa vya mchanganyiko: nyumba mbovu. Chapa moja: nyumba nzima. Nani atabisha? Nimemwangushia kijana jumba bovu, na nimemwangushia kwa kuondoa mkono wangu tu.

Kiongozi wao, mtu wa makamo mwenye miwani, alimwonyesha mkwe jambo moja kwa fahari. Mtandao mzima unaonekana kwenye kidirisha kimoja cha simu. Mtu yeyote akichomeka kitu kigeni popote, kitawaka nyekundu na kutaja chumba. Mkwe akaniambia: unaona, Baba? Kwa haki, ni kweli. Kingekuwepo kidirisha hicho juzi, mpwa angekiona kisanduku siku ya kwanza. Mkwe hakukosea kuhusu hilo. Alikosea kuhusu mimi.

Zamani kosa likigundulika baada ya kitabu kuchapwa, tulichomeka ndani kipande kidogo cha karatasi: ukurasa fulani, mstari fulani, palipoandikwa hivi pasomeke vile. Hakuna aliyefurahi, lakini kitabu kilikwenda kwa wasomaji kikiwa kimekiri. Nimewaandikia waandishi wengi vipande hivyo. Hata makosa yangu mwenyewe sikuwahi kuyaficha ndani yake.

Alhamisi, 14 Machi

Sikutoka. Nimesema mafua.

Mjukuu kaniletea machungwa yaliyomenywa vibaya. Akataka kujua kwa nini Anko Waya haji tena. Ndivyo anavyomwita. Nikamwambia ana kazi nyingi. Akasema hapana Babu, baba kasema hana.

Jumamosi, 16 Machi

Leo mwenye jengo anakuja saa kumi. Mpwa aliambiwa aje kabla ya hapo achukue vifaa vyake. Alikuja na kigari cha kuazima. Nilimwona dirishani akivuka ua, shati kalipiga pasi. Kwa nini apige pasi shati la kubebea maboksi? Alikuwa na tumaini, labda, kwamba watakutana getini.

Akabisha kwangu. Safari hii nilifungua.

Aliketi ukingoni mwa kitanda kama alivyokuwa akiketi kwenye lile kochi la ghorofani, alilolilalia miaka yote aliyoishi nasi. Akaniuliza mafua. Nikasema yanapungua. Akatazama soketi mpya, nyeupe, safi. Akatazama kabati.

"Nunua Yako imezimika, Mjomba."

Nikauliza imezimika nini.

"Umeiweka wapi? Usiiweke chini, itapata unyevu."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama viatu vyake. Nikauliza amejua tangu lini. Tangu mtoto alipoisoma mezani, alisema, na hata bila mtoto, simu yake iliitambua yenyewe alipovuka ua. Jina lile aliliandika yeye, kwa vidole vyake, mkazamjomba wake amesimama nyuma anamtajia herufi na kucheka. Angesahauje? Ndiyo maana alikuja kubisha ile Ijumaa. Alitaka kukizuia kisanduku kisigawe namba tu, dakika moja, aende zake, asijue mtu. Kukikata kule kwenye kabati la mitambo isingefaa: waya wa huku nyuma ni mmoja na wa geti, na mkwe angeuliza kwa nini.

Kwa hiyo hakuruka chumba changu. Alikihesabu kwanza.

Nikamuuliza kwa nini hakusema Jumamosi ile, sebuleni, alipoulizwa.

"Nikuseme wewe mbele ya mkweo? Mimi nina mikono, Mjomba, nitapata kazi. Wewe una chumba hiki tu."

Kisha akanilaumu, mara moja, kwa jambo nisilolitegemea. Ungeniambia mawimbi hayafiki, alisema. Ningekuwekea kisahani kimoja hapo juu ya mlango, nilikuwa nacho cha ziada. Nikasema nitakwenda kusema sasa hivi. Akasimama, akakataa. Alisema nikishuka mimi kwenye macho ya mkwe, binti yangu, dada yake, ndiye atakayebeba, kila siku, kila mezani. Yameshapita. Akanishika mabega, akainama akanipa mkono kwa mikono miwili, kama ananiaga safari, akaenda kupakia maboksi.

Saa kumi na robo. Mgeni amefika. Nasikia sauti nzito, kicheko kizuri. Mkwe anamwonyesha mapazia. Mpwa yuko nje ya geti anafunga kamba, anafunga na kufungua, anachelewesha. Nasikia mkwe anasema jina la kampuni, anamwandikia mgeni namba yao.

Nimejaribu sentensi. Mwanangu, kuna jambo. Mwanangu, mimi ndiye. Zote nazisahihisha kabla hazijafika mdomoni.

Nimefungua sanduku. Nimekunjua kitambaa. Bado kina harufu, au mimi ndiye nina kumbukumbu. Kisanduku mezani, karibu na daftari hili, si nyuma ya kitu chochote. Waya, tundu la njano. Taa za kijani moja baada ya nyingine, polepole, kama zamani. Tableti imekitambua. NunuaYako.

Nimefungua mlango hadi mwisho, nikauwekea kiatu usijifunge.

Kile kidirisha cha mkwe kitawaka nyekundu. Kitamwambia kitu kigeni kiko wapi. Hakitamwambia kimekuwepo tangu lini. Hilo kampuni imeniachia mimi.

Sebuleni kicheko kimekatika. Mkwe anaomba radhi, anasema dakika moja.

Nyayo. Korido. Ua. Anatembea huku anaitazama simu, nazijua hatua hizo. Kule getini kamba bado haijafungwa.

Amefika kwenye mkeka. Amesimama pale pale anaposimama siku zote.

"Hodi, Baba."

Mlango uko wazi na bado anabisha. Kutoka hapo alipo anaiona meza, anaziona taa. Nimemwambia karibu ndani. Hajaingia. Anatazama kizingiti.

Namwambia tena.